Tembo wa jiwe simtaki, nionyesheni jiko

Kijana aliyekuwa anatuongoza alimulika tochi ukutani akasema, "Hapa mnaona tembo." Tukatazama. Ukiinamisha kichwa kidogo na ukawa na moyo wa kusaidia, mkonga ulikuwepo. Akasogea hatua kumi. "Hapa mnaona mama amebeba mtoto." Akaja simba, halafu ramani ya Afrika, ambayo nadhani haikosekani katika pango lolote la nchi hii. Nyuma yetu mzee mmoja, aliyekuja nasi kwa sababu ndiye anayeijua njia ya porini, alikuwa amekaa juu ya jiwe anakwangua tope kwenye kandambili zake. Akasema kama mtu anayejisemea mwenyewe: "Hapo kwenye tembo ndipo walipokuwa wanalala."

Kijana tayari alikuwa amefika kwenye mamba.

Hilo lilikuwa pango la Nang'oma, upande wa Kipatimu, wilaya ya Kilwa. Sikwenda kutalii. Nilitoka Mtwara kwenda kwenye arobaini ya mjomba wangu, maana bibi mzaa mama alikuwa Mmatumbi, na siku ya pili yake, dua imeshasomwa na masufuria yamesharudishwa kwa wenyewe, binamu zangu wakasema twende tukaone pango. Nilikuwa nimesikia habari zake tangu utotoni na sijawahi kufika. Ndiyo sisi hao. Mtu wa Mtwara anapita Nangurukuru mara kumi kwa mwaka akienda Dar, anakunywa chai, anarudi ndani ya basi, na milima ya Matumbi hajui hata iko upande gani.

Sasa niseme kilichoniudhi, halafu nieleze kwa nini niliudhika zaidi ya wenzangu.

Miaka michache nyuma nilikuwa Uturuki. Mimi ni muuza nguo, na kabla ya msimu wa korosho huwa naenda Istanbul kuchukua mzigo, kwa sababu hela ya korosho ikishatoka watu wanataka kuvaa, na atakayekuwa na mzigo mpya wakati huo ndiye atakayelipa ada za watoto. Safari ile wakala wa mizigo akaniambia nisubiri siku nne. Kukaa Istanbul siku nne bila kazi ni kula mtaji. Mwenzangu mmoja wa Kariakoo, mtu asiyeweza kutulia, akasema kuna sehemu watu walikuwa wanaishi ndani ya mawe, basi la usiku linafika asubuhi, twende. Tukaenda.

Sehemu yenyewe ni Kapadokia. Mteja wangu mmoja wa Masasi nilipomsimulia alishtuka: "Ile ya kwenye Waraka wa Petro?" Hiyohiyo. Tulilipia matembezi ya siku moja, kibasi cha watu kumi na tano, na kila mtu ananing'iniza simu shingoni. Nilikwenda nikijua tutaibiwa, kwa sababu mimi ni mfanyabiashara na najua kitu cha haraka kinauzwaje. Na kweli, tulikaa karibu saa nzima katika duka la vito, na baadaye tena duka la halua na matunda makavu, ambako mwongozaji wetu alipokewa kama mkwe. Kamisheni yake naijua harufu yake. Sikumlaumu.

Lakini chini ya ardhi yule bwana alikuwa mtu mwingine kabisa.

Jiwe la kule ni majivu ya volkano. Milima kama Erciyes na Hasan ilitema zamani sana, majivu yakarundikana, yakashikamana yakawa jiwe laini ambalo patasi inaliingia, na likishapigwa na hewa linakuwa gumu. Kwa hiyo mtu hakujenga nyumba, aliichimba. Mke akijifungua tena, unachimba chumba. Kuna kijiji kinaitwa Zelve ambacho watu waliishi ndani ya miamba mpaka 1952, walipohamishwa kwa sababu mawe yalikuwa yanaporomoka. 1952! Baba yangu alikuwa ameshazaliwa. Tunaposema "watu wa mapangoni" tunawaza mtu wa kale mwenye rungu, kumbe ni mtu aliyekuwa na mke, punda na deni dukani.

Halafu tukashuka Derinkuyu, mji ulio chini ya ardhi. Una kina cha mita 85 hivi. Uligunduliwa upya 1963, mtu anatengeneza nyumba yake, anabomoa ukuta, anakuta chumba asichokijua, na nyuma ya chumba kuna njia. Watalii hawashuki mpaka mwisho, na mimi kwa mwili huu nilionao nilianza kujuta mapema, kwa sababu baadhi ya vichochoro unapita umejikunja na mkono mmoja ukutani. Katikati ya kichochoro mwongozaji akatusimamisha. Hakutuonyesha tembo. Alituonyesha zizi, akasema wanyama waliwekwa juu, karibu na mlango, maana huwezi kumshusha ng'ombe ngazi zile. Alituonyesha jiwe la duara, kubwa kama gurudumu la trekta, lenye tundu katikati, linaloviringishwa kuziba njia, na linafungwa kwa ndani tu. Akatuelekeza kwenye shimo la hewa linaloshuka mpaka chini kabisa. Akaweka kiganja chake mdomoni mwa shimo, akatuambia tufanye hivyo. Upepo ulikuwepo. Chini ya ardhi kiasi kile, upepo unapuliza vidole.

Mwisho akamulika dari ya chumba kimoja. Nyeusi. "Jikoni," akasema, akanyamaza.

Pale ndipo niliposisimka. Yale masizi. Mimi nimekua katika jiko la kuni, dari ya makuti ya bibi ilikuwa nyeusi vilevile, inang'aa kama imepakwa mafuta. Sikuhitaji kujua ni karne ya ngapi. Palikuwa na mwanamke pale, moshi unamuingia macho, anagombana na mtu kuhusu kuni.

Mwenzangu wa Kariakoo akauliza walikuwa wanamkimbia nani. Mwongozaji akajibu kwamba maadui walikuwa wengi zama kwa zama, lakini hasa Wakristo wale wa Bizanti, dola ya Kirumi ya mashariki, walijificha humo majeshi ya Waarabu yalipokuja. Akasema "Waarabu", akautazama mtandio wangu, akaongeza haraka kwamba ni zamani sana. Tulicheka wote wawili. Nilimwambia asijali, mimi natoka Mtwara.

Basi hicho ndicho nilichokuwa nacho kichwani nilipoingia Nang'oma.

Sitaki kumsema vibaya yule kijana. Ana adabu, alimshika shangazi mkono penye utelezi, na alifundishwa vile alivyofundishwa. Tatizo ni lile alilofundishwa. Mtu fulani mahali fulani ameamua kwamba pango ni kivutio, na kivutio ni kitu cha kushangaa, na kushangaa maana yake ni kuona jiwe linalofanana na mnyama. Wakati nchi hii, kama kuna kitu hatuna uhaba nacho, ni tembo wa kweli. Hapohapo Lindi kuna Selous ya zamani, sehemu yake sasa inaitwa Hifadhi ya Nyerere, nenda kamuone akiwa hai na masikio yake. Mimi kwenye Nang'oma nataka nijue mtu alilalaje.

Maana watu walilala humo. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete, hukohuko Umatumbini, waling'oa pamba ya akida, yule msimamizi aliyewekwa na Wajerumani, na vita ya Maji Maji ikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyegawa maji yaliyoaminiwa kuzuia risasi, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita ikiwa bado changa. Watu hawakuacha. Vita ikaenda mpaka 1907, na Wajerumani walipoona hawawapati watu, wakawageukia chakula: wakachoma nyumba, ghala na mashamba. Njaa iliyofuata iliua wengi kuliko bunduki. Haya tumeyasoma shuleni, mengine tuliyakariri kwa ajili ya mtihani. Lakini katika kitabu cha shule mtu anapigana au anakufa. Hapiki. Hanyonyeshi. Ukiwa ndani ya pango la Matumbi, ambako chokaa imeliwa na maji ya mvua mpaka ikaacha kumbi kubwa kama misikiti, swali la kwanza la mtu mzima ni hili: waliingiza nini humu, na walikula nini?

Nikamwachia kijana aendelee na binamu zangu kwenye mamba wake. Nikarudi kwa mzee. Nikamwamkia tena, kwa sababu kule nje nilimwamkia kwa haraka haraka.

"Mzee, unasema walilala hapa?"

"Bibi yangu mimi alilala hapa. Alikuwa binti mdogo hivi," akaonyesha kimo chini ya kiuno chake.

"Alikusimulia?"

"Alikuwa hapendi. Ukimkuta amekula ameshiba, anasema kidogo." Akafunga kandambili. "Alisema anakumbuka kiu, na harufu ya hawa." Akanyoosha kidole juu, kwa popo. Ile harufu ilikuwepo palepale, kali, inakwaruza koo, na dakika ile ikaacha kuwa kero ya pango, ikawa ya mtoto mmoja wa kike.

Nikauliza walikula nini. Akanitazama kama nimeuliza samaki anaishi wapi. "Ming'oko, mwanangu. Mjerumani atachoma mtama, ming'oko iko chini ya udongo ataionea wapi?"

Jamani, ming'oko, vile viazi vya porini! Hii ninayonunua jioni sokoni Mtwara, imechemshwa, nakula nikitembea na kumenya ganda kwa meno. Hii tunayoiita chakula cha njaa, halafu tunaipenda. Nimeila maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni silaha.

Kwa hiyo maoni yangu, na najua kuna watakaoona naongea kirahisi kwa kuwa si kazi yangu. Watu wengi wanayadharau matembezi mafupi, wanasema saa mbili hujui kitu, ni kupiga picha na kuondoka. Mimi sikubali. Katika Derinkuyu sikuzidi dakika arobaini chini ya ardhi, duka la vito lilichukua nyingi kuliko hizo, na bado masizi yale ninayo mpaka leo. Nang'oma kwa mzee nilikaa robo saa. Urefu wa muda siyo shida. Shida ni unamweka nani aongee, na anakusimamisha wapi. Nisimamishe penye kulala, penye kuchota maji, penye kuchungulia kuona nani anakuja, hata kama ukuta wenyewe hauna umbo la chochote. Ukinisimamisha penye tembo nitasema "aah" na nitasahau kabla sijafika Njia Nne.

Na yule mzee alipwe. Siku ile kijana alilipwa, kitabu cha wageni kilisainiwa, risiti ikaandikwa. Mzee alipewa na binamu yangu noti aliyokunja kiganjani, kama sadaka. Yeye ndiye mwenye mali ya pango, yale mengine ni mawe. Watu wa umri wake waliolelewa na bibi waliokuwa watoto 1905 hawabaki wengi, na hawaachi nakala. Mpatieni kiti, mpatieni fulana ya kazi kama mnapenda fulana, kijana akae pembeni yake asikilize mwaka mzima, simba na mamba vitamsubiri.

Taa wala sementi siombi. Nimesikia watu wakisema pango liwekewe ngazi na taa za rangi kama ukumbi wa harusi. Hapana. Wekeni kamba penye utelezi, basi. Nje pale mlangoni pawepo mama anayeuza machungwa ya Kipatimu na sahani ya ming'oko ya moto. Mimi mwenyewe ningekuwa na jirani mwaminifu ningeweka meza. Na watoto wa shule za Kilwa na Lindi waingizwe bure, wasiandike chochote, waulizwe tu wangelala wapi.

Kijana aliturudia akasema muda umekwisha. Nilimsimulia mzee Derinkuyu tukiwa tunapanda kutoka, kipande kipande, kwa sababu pumzi zilinitoka na yeye hakutoka hata jasho. Nikamweleza jiwe la duara, tundu la upepo, jiko. Alilipenda jiwe. Aliniuliza linaviringishwa na watu wangapi, nikasema sijui. Akauliza kama moshi wa jiko ulitokea juu adui akauona, nikasema sijui, ilibidi nimuulize mwongozaji na sikumuuliza.

"Sasa ulikwenda kufanya nini?" akasema.

Tulipofika kwenye bodaboda alikata njia ya shamba bila kuaga sana, panga begani. Nilimwita, nikamuuliza swali lililokuwa limenikaa tangu Uturuki: adui yuko nje, mmejificha, mtoto mchanga akilia je?

Alisimama kidogo. Akasema bibi yake alikuwa na mdogo wake. Hakusema zaidi ya hapo, akaingia kwenye michungwa.