Kroatia Aliyoondoka Nayo Babu

Novemba 2013, Kroatia ilipoifunga Iceland mjini Zagreb na kufuzu Kombe la Dunia, beki Josip Šimunić alishika kipaza sauti akaita: "Za dom!" Uwanja ukamjibu: "Spremni!" Kwa ajili ya nyumbani, tuko tayari. Hiyo ilikuwa salamu ya Ustasha, utawala ulioshirikiana na Hitler na kuendesha kambi ya mauaji ya Jasenovac. FIFA ilimfungia mechi 10. Alijitetea kwamba lilikuwa penzi la nchi yake tu. Šimunić alizaliwa Canberra, Australia.

Kuhusu penzi sina shaka naye. Wakroatia waliohamia Australia baada ya 1945 waliipa klabu yao ya soka ya Melbourne jina Croatia mwaka 1953, wakati Kroatia haikuwa dola bali sehemu ya Yugoslavia. Watoto wao walikua wakilisikia jina hilo uwanjani kila wikiendi. Vita ya uhuru ilipozuka mwaka 1991, Wakroatia wa ughaibuni walichanga fedha, na Gojko Šušak, aliyekuwa amejijengea maisha Kanada, akawa waziri wa ulinzi wa Kroatia. Anayesema kumbukumbu ya wahamiaji ni ndoto za wazee tu hajaitazama historia hiyo.

Lakini mzee hufungasha na machungu yake pia. Nyumbani watu hubishana, husoma, hubadili mawazo. Ng'ambo mjukuu hupokea mzigo ukiwa umefungwa vilevile. Ndiyo maana Wakroatia wa Chile ni tofauti. Mababu zao waliondoka Brač na visiwa jirani kabla Ustasha haijakuwepo, wengi baada ya filoksera, mdudu anayeshambulia mizizi, kuiua mizabibu yao. Wanachokumbuka ni kisiwa na jina la ukoo. Gabriel Boric, aliyeapishwa kuwa rais mwaka 2022, ana asili ya kisiwa cha Ugljan.

Tangu 2020, sheria ya Kroatia inawapa wazao wa wahamiaji uraia bila mtihani wa lugha wala ukomo wa vizazi. Wapo wanaoona pasipoti imerahisishwa mno. Mimi naiunga mkono: nchi iliyobaki na watu milioni 3.87 katika sensa ya 2021 haina sababu ya kuwafungia mlango vitukuu vyake. Ninachotaka ni kwamba kitukuu anayekwenda kuona nyumba ya babu afike na Jasenovac, kando ya mto Sava, penye mnara mkubwa wa zege wenye umbo la ua lililochanua. Makumbusho ya pale yameorodhesha majina ya watu 83,145 waliouawa. Watoto ni 20,101.