Einstein alikosea wapi hasa?

Tangu Aspect, Clauser na Zeilinger wapate Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2022 kwa majaribio ya fotoni (chembe za mwanga) zilizofungamana, wengi wameshafunga kesi: Einstein alidai Mungu hachezi dadu, yaani maumbile hayaendeshwi na bahati nasibu, majaribio yakamuumbua. Kukosea alikosea, ila anahukumiwa kwa kosa lisilo lake.

Bahati nasibu ndani ya atomu aliiingiza yeye mwenyewe. Katika kazi zake za 1916 na 1917, atomu yenye nishati ya ziada hutoa fotoni bila kuchokozwa, na kinachokokotolewa ni uwezekano tu. Hakupendezwa na jambo hilo, na 1926 akamwandikia mwanafizikia mwenzake Max Born maneno yale ya dadu. Lakini hoja yake nzito, ya 1935 pamoja na Podolsky na Rosen, ilihusu chembe mbili zilizoathiriana kisha zikatengana. Ukipima ya hapa ukajua jibu la ile ya kule, basi ama jibu lilikuwepo tangu awali, ama kipimo chako kimeigusa ya mbali papo hapo. Hilo la pili alilikataa kabisa.

Hapo ndipo alipobanwa, kwa hesabu iliyotokana na mwanafizikia John Bell, 1964. Fotoni mbili zilizofungamana hutengana: ya kushoto hupimwa kwa kichujio kilichoelekezwa nyuzi 0 au 45, ya kulia kwa 22.5 au 67.5, na kila jibu ni +1 au −1. Tuseme majibu yote manne yamekwishapangwa: a na a′ kushoto, b na b′ kulia. Kokotoa a(b−b′) + a′(b+b′). b na b′ ama zinafanana ama zinapingana, kwa hiyo mabano mamoja ni sifuri na mengine ni 2 au −2. Wastani hauvuki 2. Nadharia ya kwanta, fizikia ya atomu na chembe zake, inabashiri 2.83. Aspect na wenzake, 1982, walipata kama 2.70. Wabishi walisema fotoni nyingi hupotea bila kunaswa, labda zinazonaswa haziwakilishi zote. Mwaka 2015 huko Delft, Uholanzi, kwa elektroni zilizotengana kilomita 1.3 na bila mwanya huo, ikawa 2.42.

Wafuasi wa Niels Bohr, mtetezi wa kwanta aliyebishana na Einstein, wana haki ya kutamba: majibu yaliyopangwa yasiyoathiriana kwa mbali yameanguka. Dadu, hata hivyo, haijathibitishwa. Nadharia ya mwanafizikia David Bohm ya 1952 haina bahati nasibu kwenye misingi yake, na inatoa 2.83 ileile, kwa sharti kwamba chembe ziathiriane papo hapo. Einstein alipoiona alimwambia Born kwamba ni njia ya rahisi mno. Angekuwa anagombania dadu tu, angeipokea kwa mikono miwili.