Trekta Namba Saba, Subiri Foleni

Kile kituo cha redio koli na Shangazi walifanya kazi pamoja miaka mingi, kwenye ofisi ya mizani ya kampuni moja ya miwa huko bonde la Nyando. Kazi yao ilikuwa kuita matrekta. Simu za mkononi zilipoenea, Shangazi akastaafishwa na kituo kikauzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu. Ndipo nilipokinunua nikakileta Mamboleo, nikigeuze kiwe ripita ya sisi wa redio za ridhaa.

Shangazi alipokiona alikipangusa vumbi kwa leso, akaniuliza kama bado kinakohoa kikiwashwa asubuhi.

Ripita ni mtambo wenye sikio na mdomo vinavyofanya kazi kwa wakati mmoja. Unasikia redio ndogo ya mkononi kwenye masafa mamoja, na papo hapo unayarudia maneno yale kwa nguvu kwenye masafa mengine, ili aliye nyuma ya kilima naye apate. Yetu ingesikia kwenye 145.000 MHz na kusema kwenye 145.600. Pengo hilo la kHz 600 ni dogo mno, kwa hiyo mdomo hulipasua sikio lililo kando yake. Dawa ni dupleksa: makopo ya alumini marefu kupita goti, yameunganishwa kwa nyaya nene, kila moja likichuja masafa yake. Niliyapanga sita uani. Jirani akaja jioni, akayazunguka, kisha akaninong'oneza: lita moja nauza pesa ngapi?

Kazi ya ndani nilimpa fundi. Alibadilisha fuwele, akazungusha koili kwa bisibisi ya plastiki hadi kituo kikahama kutoka masafa ya miwa hadi yetu, na sauti ya sikio akaiunga kwenye waya ule ule wa maiki. Maiki yenyewe, ile ya mezani yenye shingo ndefu, akaiacha mahali pake. "Isije ikapotea," alisema.

Jumapili tukajaribu. Mimi nilipanda kilima cha Riat na redio ya mkononi. Daktari mmoja mwenzetu alikuwa Nandi Hills, na mzee mwingine Maseno. Nyumbani alibaki Shangazi, kazi yake ikiwa kutazama betri ya gari isichemke huku akichambua omena.

Daktari akaita wa kwanza, akataja kitambulisho chake kinachoanza na 5Z4, alama ya Kenya, akauliza kama kuna anayemsikia. Alisikika safi kabisa! Nilikuwa nainua redio nimjibu, sauti nyingine ikaniwahi, ya mamlaka, iliyojaa kifua.

"Kituo kimekupata. Wewe ni trekta namba ngapi?"

Kimya. Daktari ni mtu mstaarabu. Akajibu kwamba yuko Nandi Hills, mama, na anatumia wati tano.

"Sijakuuliza wati. Umebeba tani ngapi?"

"Ni... tano tu, mama."

"Tano! Na dizeli yote hiyo ya kupanda mlima? Nani alikupakilia?"

Nikabonyeza kitufe niingilie kati, lakini Shangazi naye alikuwa amebonyeza, na kwa kuwa maiki yake iko kwenye waya ule ule wa sikio, sauti yake ikanifunika. Nikatoa simu nikampigia Shangazi. Ajabu ni kwamba niliisikia simu yake ikilia kwenye redio yangu, ule mlio wake wa wimbo wa kwaya, ukisambaa Nyanza nzima mpaka milima ya Nandi.

"Trekta zote, subirini," akatangaza. "Kuna mtu ananisumbua." Kisha, kwenye simu na hewani kwa pamoja: "Niko kazini!" Akakata.

Yule mzee wa Maseno naye, badala ya kunyamaza, akaomba nafasi. Shangazi akamwambia asubiri foleni, yeye ni wa saba, na asijaribu kupitia njia ya nyuma kama wale madereva wa Chemelil. Mzee akaitikia, "Sawa, kituo." Mtu na mvi zake.

Niliteremka Riat kwa boda. Nilipofika, Shangazi alikuwa amefungua daftari la mboga na kuandika humo: Nandi Hills, tani tano, mzigo umepungua. Nikachomoa maiki. Alinitazama jinsi alivyokuwa akiwatazama mameneja, akarudi kwa omena zake.

Siku hizi ripita inafanya kazi vizuri, maiki iko kabatini, na fundi ameshalipwa, ingawa si zote. Tatizo ni mzee wa Maseno. Kila Jumapili hupiga simu kuuliza yule mama wa mizani atarudi lini, maana alipewa namba saba na hadi leo hajaitwa.