Kesho kazini au sio kazini?

Naomba kuuliza kistaarabu kabisa, kama mwananchi mlipa kodi: kesho ni Idd au sio Idd? Maana kalenda yangu ya ukutani imeweka kinyota, halafu chini, kwa maandishi ya kusoma na tochi, "kutegemea mwandamo wa mwezi".

Mchana nimechomekea shati vizuri nikaenda kwa dada wa utumishi, nikamwambia dada yangu naomba ruhusa, nataka kwenda kwa bi mkubwa Tanga. Akafungua mfumo. "Tarehe ya kuanza?" Nikamwambia mwezi ukiandama leo ni kesho, usipoandama ni keshokutwa. "Kaka, mfumo unataka tarehe." Weka zote mbili basi. Mfumo umekataa. Akanitazama, "Kwani wewe kwa mawazo yako, utaandama?" Jamani mimi wa stoo! Koo limekauka tangu alfajiri halafu naulizwa habari za mbinguni na mtu anayekunywa soda ya baridi. Nikajikaza, nikamweleza kwa upole kwamba mwezi wetu una siku 29 au 30, 31 haipo, ndo maana kila mwaka Idd inasogea nyuma kama siku 11. Akachapa chapa pale, "basi nimechukua ya mwaka jana nikatoa 11". Mfumo ukakubali! Dakika mbili bosi kanipigia, eti mwezi umeonekana wapi. Bosi, saa nane mchana hii?!

Wenzetu Pasaka yao nayo inafuata mwezi lakini walishapiga hesabu zamani, Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa kuanzia 21 Machi, ukitaka ya 2035 unapewa sasa hivi, 25 Machi, unakata na tiketi kabisa. Wakenya ndo usiseme, sikukuu ikiangukia Jumapili sheria yao inawapa Jumatatu, 2024 Mashujaa Dei ikaangukia Jumapili wakalala Jumatatu tarehe 21. Mwaka huohuo Saba Saba yetu nayo Jumapili, ikaliwa hivihivi na Jumatatu tupo kwenye mwendokasi tumebanana.

Na mtaani hatuelewani, jirani yangu ni wa mwezi wa kimataifa, kasikia Makka wameona, leo kaswali na pilau linanukia mpaka chumbani kwangu, mimi wa kitaifa nasubiri redio usiku Mufti aseme, shemeji katikati hapo anasema atakula kote kote.

Sasa anayeombea mwezi usionekane ni fundi cherehani, kanzu yangu mpaka sasa ina mkono mmoja, hela kachukua yote, nikimpigia "bro nipo kwenye vifungo", vifungo gani na mkono hakuna! Si ndo huyuhuyu aliyeshona suti za harusi ya binamu, suruali zikaishia juu ya soksi, na bwana harusi akaambiwa ndo fasheni.