Neno la Mungu halikuja kumtisha mwenzako

Huku kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, mtu akikuambia "Mama, Bwana amenionyesha jambo juu yako," moyo unashtuka kabla haujafurahi. Unajiuliza: ni kifo, ni adui, au ni ndoa inayovunjika? Hiyo peke yake inanihuzunisha. Tumewazoesha watu kuiogopa sauti ya Baba yao.

Naamini Mungu anasema hata leo. Anaweza kunipa neno kwa ajili ya mtu mwingine nikiwa nafua nguo, au nikipanda mtaa wa Kadutu na mzigo kichwani. Ninachokataa ni desturi iliyoota katika vyumba vyetu vya maombi, kwamba neno lisilofichua siri si neno. Paulo aliwaandikia Wakorintho waziwazi: anayetoa unabii anasema na watu ili kuwajenga, kuwatia moyo na kuwafariji. Hakutaja kumfichua mchawi. Hakutaja sadaka ya kufungua baraka, wala tarehe ya vita kuisha.

Na matokeo yake tunayajua. Mwaka 2021, katika Kalehe, Kabare na Mwenga, humuhumu Kivu Kusini, wanawake waliuawa, wengine wakichomwa moto, baada ya kuitwa wachawi. Lawama nyingi za mauaji hayo ziliwaangukia bajakazi, wale wanawake wanaosema huonyeshwa mambo katika maombi, na ambao huwataja watu kuwa wachawi. Anayenyosha kidole hivyo naye husema amesikia. Ndiyo maana siwezi kulichukulia swali la kusikia kama somo la wanafunzi wa teolojia tu. Bibi wa mtu anaweza kufa kwa sababu yake.

Basi tusikie namna gani? Nasadiki kwamba anayetaka kumsikia Mungu kwa ajili ya mwenzake aanze kwa kumsikia huyo mwenzake. Eliya alipokimbilia jangwani akiomba afe, malaika alimgusa akamwambia ainuke ale. Mkate na maji. Akalala tena, akaguswa mara ya pili, akaambiwa ale kwa kuwa safari ilikuwa kubwa mno kwake. Ile sauti ndogo ya utulivu tunayopenda kuihubiri ilikuja baadaye, mlimani Horebu. Sisi tunauruka mkate. Lakini mtu aliyechoka kuishi alitumiwa kwanza chakula na usingizi, wala hakuna aliyemkemea kwa kukosa imani.

Katika kundi letu la maombi yuko Papa mmoja ambaye hamwombei mtu kabla hajamwuliza, "Umelala?" Anauliza kweli, kisha ananyamaza mpaka ajibiwe. Baada ya yale ya Februari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji wetu, alikuja mama ambaye butike yake iliporwa, na mali nyingi alikuwa ameichukua kwa deni. Papa alimsikiliza muda mrefu. Mwishowe akasema: "Mama, tangu juzi Mungu ananikumbusha jina lako. Sina zaidi ya hilo." Yule mama akalia sana. Baadaye alitueleza kwamba kwa majuma mazima, waliokuwa wakitaja jina lake ni wale waliomdai tu. Hakuonyeshwa adui, hakuahidiwa butike mpya. Aliitwa kwa jina na mtu asiyemdai kitu.

Huyo Papa hasemi kamwe "Bwana asema hivi". Husema "niliposali nilikukumbuka", au "naona kama Mungu anataka ujue hili, wewe lipime". Wako wanaoona huo ni upungufu wa imani. Mimi naona ni heshima. Ukishalitia neno lako muhuri wa Mungu, anayekusikiliza amefungwa mdomo, kwa maana nani atabishana naye? Paulo yuleyule aliwaonya Wathesalonike wasidharau unabii, na papo hapo akawaambia wajaribu mambo yote. Mwachie mtu nafasi ya kujaribu.

Wala sisemi neno la kutia moyo liwe laini siku zote. Askofu Mkuu wetu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa hapa mjini tarehe 29 Oktoba 1996, alibaki na watu wakati wa vita, wakubwa wengi walipokuwa wameshaondoka. Aliwahimiza wasimame imara na wasiache kupendana. Yeye mwenyewe alikuwa palepale walipokuwa wao, na kwangu hilo lina uzito kuliko maono mengi.

Rafiki yangu mmoja, mwombezi, aliniuliza: kama ni hivyo, si kila mtu atajifanya nabii? Wazee wawili wa Israeli, Eldadi na Medadi, walipotabiri kambini, Yoshua naye alitaka wakatazwe. Musa akamjibu kwamba laiti watu wote wa Bwana wangekuwa manabii. Mimi niko upande wa Musa. Natamani mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, motari wa pikipiki anayengoja abiria Nyawera, na mwanafunzi aliyekosa minerval, yaani karo ya shule, kila asubuhi wamwombe Mungu jina la mtu mmoja tu, kisha wamwendee kabla jua halijazama, hata kama walicho nacho mkononi ni kilo moja ya unga.