Tunaibeza chanjo ya kupe, tunasahau mrija

Siku ya kuchanja ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, kazi huanzia kwenye mtungi wa nitrojeni. Mchanjaji anavaa glavu, anachomoa mrija wa chanjo iliyogandishwa, mwembamba kuliko kalamu, anauyeyusha na kuuchanganya na kimiminika chake, na tangu hapo ana saa chache tu. Kila ndama hupigwa sindano mbili. Ya kwanza, karibu na sikio, ni vimelea hai vya ugonjwa wenyewe. Ya pili ni oksitetrasaiklini ya asilimia 30, dawa ya kuuzuia ugonjwa huo usiwe mkali, ile inayokaa mwilini siku kadhaa, mililita moja kwa kila kilo 10 za uzito. Kisha anavishwa hereni na kurudishwa kwa mama yake.

Mwambie mtu kwamba kilichomo mle ni kupe walioambukizwa, wakasagwa na kugandishwa, uone atakavyokunja uso. Si watu wa mjini tu. Hata baadhi ya wataalamu huizungumzia chanjo hii kama kitu cha kuona haya, kiporo cha kulia tu mpaka chakula cha moto kiive.

Na wana hoja. Unamwambukiza mnyama ndigana kwa makusudi. Ukikadiria uzito kwa macho badala ya utepe, dawa ikapungua, umemfanya ndama aliyekuwa mzima augue. Aliyechanjwa hubaki na vimelea mwilini, na aina moja ya vimelea vya chanjo, Kiambu 5, imekutwa kwenye damu ya ng'ombe muda mrefu baada ya sindano. Ndiyo maana serikali zilisita kuruhusu vimelea vya kwingine viingie kwenye malisho yao. Tena wanaochunga karibu na nyati wamezika ng'ombe waliochanjwa, kwa kuwa vimelea vya nyati ni vya namna nyingi mno. Utengenezaji nao ni kazi ya mwaka mmoja na nusu kwa toleo moja, ukihitaji ng'ombe, mamia ya sungura, na mamia ya maelfu ya kupe.

Yote hayo nayakubali. Linalonisumbua ni hitimisho lake, kwamba basi tusubiri chanjo ya kisasa.

Tumeisubiri tangu lini? Mchanganyiko huu wa vimelea, wenye aina ziitwazo Muguga na Kiambu 5 na aina ya tatu iliyotolewa kwa nyati wa Serengeti, uliandaliwa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, kwenye maabara ya mifugo ya iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ukatangazwa mwaka 1975. Miaka miwili baadaye Jumuiya ikavunjika, mchanganyiko ukabaki. Watafiti walipoanza kutafuta chanjo isiyo na kimelea hai, walijenga matumaini juu ya protini iitwayo p67. Majaribio ya malishoni nchini Kenya, yaliyochapishwa 2005, yalionyesha kwamba inapunguza ugonjwa mkali kwa karibu nusu tu. Mwaka huohuo ramani kamili ya vinasaba vya kimelea ikatoka. Sayansi nzuri sana, na mimi ni wa mwisho kusema fedha zake zikatwe. Kimelea hiki hugeuza chembe nyeupe za damu ya ng'ombe zizaliane kama saratani, na ukikiua kwa dawa zinaacha. Hata watafiti wa saratani ya binadamu wanakifuatilia kwa hamu. Lakini mfugaji hachanji kwa ramani.

Waliong'amua hili mapema ni wale tunaowaita wagumu wa kubadilika. Wafugaji wa Kimasai wa kaskazini mwa Tanzania wamewachanja ng'ombe wao kwa maelfu, wakilipa kutoka mifukoni mwao, kwa sababu wanaijua oltikana, kama wanavyoiita ndigana, kwa majina ya ndama iliowaua: tezi chini ya sikio inavimba, homa inapanda, mapafu yanajaa maji, povu linatoka puani. Sindano ni ya mara moja, na kinga hudumu miaka. Mnadani mnunuzi anaangalia sikio kabla ya kuangalia nundu.

Sasa nije kwenye namba inayonikera kuliko hoja zote za maabara: 40. Mrija mmoja hubeba dozi zipatazo 40, na ukishayeyushwa haurudi kwenye mtungi. Katika boma la Kimasai la Simanjiro lenye ndama wengi, mrija unaisha kabla chai haijachemka. Peleka mrija huohuo Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, kwa mama mwenye mtamba mmoja wa maziwa bandani. Je, tumwage 39? Mchanjaji hawezi, hasara itamla. Kwa hiyo anaandikisha majina na kusubiri. Matokeo yake, ng'ombe wa kigeni na chotara, ambao ndigana huwafyeka kuliko zebu wa kienyeji waliokulia kwenye kupe, ndio wanaofikiwa kwa shida zaidi. Aliyelipia mtamba wake kwa mkopo wa kikundi anabaki na josho na bahati.

Hili halidai kimelea kipya wala protini mpya. Linadai mrija wa dozi nane au kumi, mitungi iliyo karibu zaidi na wafugaji wadogo, na mtu wa kupima kama vimelea vinatoka salama katika ufungashaji huo. Ni utafiti pia, ila hauna mvuto wa kusimama nao kwenye mkutano wa kimataifa. Nadhani ndiyo sababu tunaudharau pamoja na chanjo yenyewe.

Wanaotaka tusubiri wafikirie orodha ya mchanjaji mmoja wa Rungwe. Tuseme ina ndama 23. Bado 17. Mama anauliza kila siku kama imejaa, na mvua, zinazowaamsha kupe, zimeshaanza kunyesha.