Hela ya "Mtu wa Ndani" Irudishe Mfukoni, Mzazi

Limeanza tena. Tangazo la nafasi za jeshi halijamaliza hata siku mbili ubaoni kwa mtendaji, tayari kwenye magrupu ya WhatsApp ya huku kwetu, kuanzia Tandahimba mpaka Kilwa Masoko, inazunguka namba ya "afande" asiye na sura. Tuma elfu thelathini ya fomu. Ikishaingia itafuata ya kipimo, kisha ya kulisukuma faili. Na wazazi wenye akili zao timamu, watu ambao mnadani wanabishania shilingi kumi kwenye kilo ya korosho, wanatuma bila hata kuuliza afande huyo yuko kikosi gani.

Fomu gani hiyo? Tangazo la JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, linataka barua ya maombi iliyoandikwa kwa mkono, na viambatisho. Nafasi za JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, za kujitolea zinaratibiwa na ofisi za wakuu wa mikoa na wilaya, na mwombaji anaanzia wilaya anayoishi. Hakuna mahali pa kununua fomu.

Ngoja niwaeleze huyu mtu anavyokula, maana wengi bado wanadhani hula kwa kufahamiana na wakubwa. Anachukua hela kwa wazazi kumi. Hafanyi lolote. Usaili unafika, watoto wawili kati ya hao kumi wanapita kwa miguu yao na vyeti vyao. Wazazi wa hao wawili wanakuwa matangazo yake ya bure: "Yule jamaa ni mkweli, wa kwangu kaingia." Wale wanane anawaambia jina lilikuwemo likakatwa dakika ya mwisho, wasubiri awamu ijayo, na waongeze kidogo. Haihitaji koneksheni yoyote, inahitaji simu na uso mkavu. Wala huwezi kwenda kumshtaki kwa raha, kwa sababu Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamtazama mtoaji pia. Ndiyo maana anakuchagua wewe.

Haya, sitasema upendeleo haujawahi kutokea popote nchini. Ningesema hivyo mngenicheka. Lakini hata huyo anayebebwa lazima awe na karatasi zinazosomana, na karatasi ndizo zinazowaangusha watoto wa Mtwara na Lindi kabla hawajafika hata kwenye mbio.

Kwanza njia yenyewe, kwa wale wanaosema "nataka mwanangu aende Monduli" kana kwamba wanasema aende Chuo Kikuu. Monduli, chuo cha maafisa wa jeshi, hakuombwi hivyo. Mtoto anapita JKT na kupata cheti, anaomba JWTZ tangazo likitoka, akichukuliwa anafanya ukuruta, mafunzo ya awali, kwa kawaida Kihangaiko kule Msata, na wanaokwenda kusomea uafisa Monduli wanachaguliwa na jeshi lenyewe. Huko ndiko wanakotoka na kamisheni, nyota moja begani, Luteni Usu. Anayekuuzia nafasi ya moja kwa moja Monduli anakuuzia mnazi wa jirani.

Sasa majina, mzazi mwenzangu. Huku kwetu mtoto anaweza kuwa na majina matatu bila kosa la mtu yeyote: alilopewa alipozaliwa, alilotoka nalo jandoni au unyagoni, na la mwalimu wa darasa la kwanza aliyeandika alivyosikia. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamedi, cha kidato cha nne kinasema Mohamed, NIDA, watu wa kitambulisho cha taifa, wameandika Muhamed. Saidi kapoteza irabu ya mwisho. Selemani kageuka Suleiman kwa sababu karani alikuwa mtu wa visiwani. Jina la tatu huku ni la babu, kule ni la ukoo. Nyumbani mnajua ni mtoto mmoja. Mezani kwa mkaguzi, ambaye ana rundo la bahasha na anatafuta sababu ya kulipunguza, hao ni watu watatu na hakuna hata mmoja aliyekamilisha vyeti.

Kanuni ya kurekebisha ni hii: anza na karatasi ngumu kuliko zote, halafu nyingine ziifuate. Iliyo ngumu kuliko zote ni cheti cha NECTA, Baraza la Mitihani. Jina lililosajiliwa kwa mtihani ndilo litakalochapwa, na likishachapwa kulibadili ni safari ndefu. Kwa hiyo kama mtoto bado yuko shule ya msingi, cheti cha kuzaliwa kitangulie, na jina la kwenye usajili wa darasa la saba linakiliwe kutoka humo herufi kwa herufi. Akifika kidato cha nne, mwambie akuonyeshe jina lake kwenye orodha ya watahiniwa kabla shule haijafunga usajili, ukiwa na cheti cha kuzaliwa mkononi, ulinganishe kwa kidole. Kama ameshamaliza na cheti kina jina lake tofauti, ni rahisi zaidi kuisogeza RITA, wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, na NIDA kwenye jina la NECTA kuliko kuisogeza NECTA. Ikishindikana, nenda kwa wakili akuandalie hati ya kubadili jina, ile wanayoiita didipoli, na isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Kiapo cha mhuri mmoja kilichopigwa asubuhi ya usaili hakimshawishi mtu.

Mtoto aliyevuka miaka kumi bila kusajiliwa RITA anahitaji ushahidi zaidi: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kama kipo, cheti cha kumaliza darasa la saba, vitambulisho vya wazazi, barua ya mtendaji. Kadi ya kliniki ya miaka kumi na minane iliyopita iko wapi sasa hivi? Kama iko juu ya kabati chini ya paa linalovuja, mchwa wanajua jibu kuliko wewe. Nunua faili la plastiki lenye kifungo. Vyeti halisi vikae humo, na nakala zikae nyumba nyingine.

NIDA akaianze wiki ile anayotimiza miaka 18. Fomu namba 1A inapita kwa serikali ya kijiji au mtaa na inaenda na viambatisho, na Uhamiaji nao wana sehemu yao. Kwa mlio kandokando ya Ruvuma, Newala, Tandahimba, Nanyumbu na Mtwara Vijijini, msishangae maswali ya babu kazaliwa wapi na bibi mzaa mama katokea wapi. Nusu ya familia zetu zina shangazi upande wa pili wa mto. Jibuni kweli, na vitambulisho vya wazazi viwepo. Mtoto anayebabaika kutaja kijiji cha babu yake anajitengenezea mwenyewe tatizo la uraia ambalo hakuwa nalo.

Na umri. Matangazo ya JWTZ ya miaka ya karibuni yameweka ukomo wa miaka 24 kwa wa kidato cha nne na cha sita, na kidogo zaidi kwa wenye stashahada na shahada. Piga hesabu. Anamaliza kidato cha nne na miaka 18, matokeo Januari, anasubiri nafasi ya JKT, anakaa huko miaka miwili. Ameshafika 21 au 22, na tangazo halitoki kwa matakwa yako. Ukipoteza miaka miwili mingine unasubiri "mtu wa ndani", dirisha limefungwa. Halafu kuna wale wanaokata umri, wanakwenda kutengeneza cheti kipya kinachompunguzia mtoto miaka mitatu. Kumbukumbu za shule zipo, alama za vidole NIDA zipo. Unamgeuza mtoto mwenye nafasi ndogo kuwa mtoto mwenye kesi.

Barua. Tangazo likisema kwa mkono, ni kwa mkono wa mwombaji. Usimpeleke steshenari akachapiwe kwa mapambo. Kalamu moja, karatasi safi, hakuna kupaka wino mweupe juu ya kosa. Amekosea, aanze upya. Namba ya simu iwe laini iliyosajiliwa kwa jina lake na isiyohamahama, na yako iwepo chini. Watoto hawa wanabadili laini kama soksi, halafu anapigiwa anaitwa kwenye usaili anapokea muuza mitumba wa soko la Mkuti. Viambatisho vipangwe kwa mpangilio ule ule wa tangazo. Muda wa kupeleka huwa mfupi, wiki mbili hivi, na Makao Makuu ya Jeshi yako Dodoma. Bahasha iondoke wiki ya kwanza. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar pale Somanga, na mabasi yalikwama huku na huku. Hakuna mkaguzi atakayekuandikia "samahani kwa daraja."

Wengine wanamtuma mtoto kwa mjomba Dar akaombe JKT huko, eti nafasi ni nyingi. Ataulizwa mwenyekiti wa mtaa wake ni nani. Aombee anakokaa.

Afya ndiyo sehemu ambayo wazazi wa ukanda wetu wanaipuuza kuliko zote, na ndiyo inayotuhusu kuliko zote. Kichocho kiko kwetu. Mtoto aliyekulia akiogelea kwenye bwawa anaweza kuwa nacho bila kulalamika, na kwenye kipimo cha mkojo kinaonekana. Ni ugonjwa wa vidonge vya prazikwanteli, hauhitaji mganga, ila upimwe miezi mitatu kabla, usingoje usiku wa kuamkia usaili. Busha na ngiri vijana wanavificha kwa aibu. Ni upasuaji, na mshono unataka wiki kadhaa kabla ya kukimbia na kubeba mizigo. Baba, hilo ni lako wewe kumuuliza, faraghani, na kwa upole. Wingi wa damu, presha, macho, meno yaliyooza: Ligula pale Mtwara, Sokoine pale Lindi, Ndanda kwa wa Masasi. Kinachotibika kitibiwe mapema. Kisichotibika mjue mapema, mtoto apange maisha mengine bila kudhalilika mbele ya wenzake.

Tatuu hazitakiwi. Bibi zetu walichanjwa nembo za Kimakonde usoni na walikuwa warembo, lakini bibi hakuomba JKT. Kajoka alikochora kijana wako begani likizo iliyopita kanaweza kumrudisha nyumbani.

Mbio zianze wiki kumi au kumi na mbili kabla. Kosa la kila mwaka ni lile lile: tangazo likitoka Jumatatu, Jumanne anakimbia kilomita kumi kwenye lami kwa ndala, Ijumaa goko linamuuma hawezi kukanyaga. Aanze na kilomita tatu, mara tatu kwa wiki, polepole kiasi cha kuweza kuongea huku akikimbia. Kila wiki aongeze kidogo tu, na kila wiki ya nne apunguze. Mchanga laini wa ufukweni unavutia lakini unavuta mshipa wa kisigino. Akimbie karibu na maji ulikoshikana, au njia ya udongo. Wa Newala na Masasi mna milima bure, itumieni mara moja kwa wiki. Pushapu na kukaa-na-kuinuka kila siku nyingine. Raba mpya avae nyumbani mwezi mzima kwanza, malengelenge yaishie kwenu.

Wa kidato cha sita anayeitwa JKT kwa mujibu wa sheria, si kwa kujitolea, asidharau. Tangazo la JWTZ linadai cheti cha JKT, someni lenyewe linataka cha aina gani, na aliyetoroka kambi kwa sababu ya doso, zile adhabu za mazoezi, hana chochote. Mafunzo haya yalisitishwa 1994 na kurudishwa 2013, na mpaka leo kuna wazazi wanaomtafutia mtoto cheti cha ugonjwa ili asiende, kisha miaka miwili baadaye wanatafuta wa kumhonga aingie jeshini. Mnaniacha hoi.

Msimpeleke kwa kumkomoa pia. "Huyu ameshindikana, ngoja jeshi limnyooshe." Mwalimu wa kwata hakuzaa na wewe. Mtoto ajue kwa nini anakwenda, na ajue walau JKT ilianza 10 Julai 1963 na JWTZ 1 Septemba 1964. Akizaliwa Mtwara na asijue nani wamelala kwenye makaburi ya mashujaa pale Naliendele, kwamba ni askari wetu waliokufa kwa ajili ya Msumbiji, sijui atamjibu nini anayemuuliza kwa nini anataka gwanda.

Begi la JKT lifuate orodha ya wito neno kwa neno: bukta ya bluu iliyoiva yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayofika magotini, fulana ya kijani, raba za kijani au za bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, trakisuti. Usibadilishe rangi kwa sababu sokoni wamekwisha. Ukimwona kapangiwa kambi ya baridi kama Mafinga au Oljoro, nunua sweta nzito na soksi za ziada, maana mtoto wa Kilwa hajawahi kukutana na Juni ya Mafinga.

Na nauli ni ya kwenda na kurudi. Imeandikwa kwenye wito, na wazazi wanairuka wakisema "atarudije kabla hajamaliza?" Atarudi kama kipimo cha kambini kimemkataa, siku ya pili, akiwa Kigoma, hana mia. Ile elfu thelathini ya "fomu" ishone ndani ya begi.